Fungua Kabichi

Nesi wa zahanati ya mtaa wetu, hapa Tunduma, hakuwa na habari na mtoto aliyevaa. Mama aliingia, akaamkia, akaketi, akaanza kueleza kikohozi kilianza lini na kinabana saa ngapi, na kabla hajafika kwenye makamasi Nesi alishamkatiza: "Fungua kabichi." Basi mama anaanza kubandua. Sweta la juu, sweta la chini yake, jaketi la mtumba lenye picha ya dubu, fulana ya mikono mirefu, kipande cha blanketi kilichofungwa kifuani kwa pini, kofia mbili. Kadiri nguo zilivyorundikana mezani ndivyo mgonjwa alivyozidi kupungua, mpaka mwisho kinabaki kitoto cha kawaida chenye kitovu, kikitutazama kama kinataka kujua nani kati yetu aliyetoa wazo hili.

Asiyeijua Tunduma asitucheke. Baridi ya mwezi wa sita hapa haina utani, inakukuta mpaka mfukoni mwa suruali. Na sisi mapenzi ya mzazi tunayapima kwa masweta. Mtoto akionekana nje na sweta moja, majirani wanaulizana kama mama yake amesafiri. Nesi hakuwa na ugomvi na sweta lenyewe. Ugomvi wake ulikuwa na mtu anayemletea mgonjwa halafu anamficha. "Mimi sitibu sufi," alikuwa akisema. "Natibu kifua. Hebu nionyesheni kifua kiko wapi humu."

Mimi ni wakala wa forodha. Ofisi yangu ni kontena lililotobolewa dirisha, linatazamana na zahanati ile, na katikati yetu ni barabara yenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Watu wanadhani kazi ya wakala ni makaratasi, kumbe kazi yenyewe ni kusubiri. Mke wangu anauza vitenge, leo yuko huku, kesho ng'ambo, hashikiki. Kwa hiyo mtoto wetu akikohoa, anayekwenda kukaa benchi la zahanati ni mimi, kwa kuwa foleni ndiyo taaluma yangu. Mara nyingi nilikuwa baba peke yangu kati ya akina mama, na Nesi hakunipa heshima yoyote ya ziada kwa hilo. "Baba Tumaini umekuja tena," alikuwa akisema. "Kohoa basi na wewe, tujue mwenye shida ni nani."

Alikuwa mfupi, mpana, mwendo wa kishindo. Saa yake aliibandika kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu, ili yeye aisome na wengine wasiisome. Alinukia pipi kifua wakati wote. Alizinyonya tangu asubuhi mpaka anafunga mlango, na ukimuuliza kama zinasaidia kikohozi anakujibu hazisaidii chochote, ni peremende, usidanganyike, halafu anafungua nyingine. Alihubiri madirisha yafunguliwe hewa ipite, na dirisha la chumba chake alikuwa amelipigilia misumari. Alituambia sweta moja la maana linamtosha mtoto mwenye afya. Yeye mwenyewe mwezi wa sita alivaa koti zito juu ya gauni la kazi, na shali juu ya koti, na kofia ya kufuma yenye kishungi. Nilimtajia jambo hilo siku moja. Akaniambia hakuna mtu anayekuja kupimwa kwenye kifua chake, kwa hiyo nimwache.

Tena aliogopa kuku. Mama mmoja ambaye mwanawe alipona vizuri alikuja na kuku jike wa kushukuru, akamweka sakafuni amefungwa miguu. Kamba ikalegea. Tulipoingia kuangalia kelele ni za nini, tulimkuta Nesi amepanda juu ya mzani wa watu wazima, amekumbatia ukuta, anatoa maagizo. Kuku alitolewa. Yeye akashuka, akasoma mzani kwanza, akasema umeharibika.

Sasa nieleze jinsi sisi tulivyokuwa, maana yeye bila sisi haeleweki. Sisi tulitaka dawa. Mtu hawezi kuacha biashara yake, akakaa benchi tangu asubuhi, akarudi nyumbani mikono mitupu, watu watamwonaje. Tulitaka dawa ya maji, ya rangi, yenye kijiko chake. Au sindano, sindano ndiyo ilikuwa sifa. Na Nesi, mtoto akiwa na kikohozi cha mafua tu, hakutoa kitu. Alisema mpe chai ya vuguvugu yenye limao, anyonye sana, apumzike, pua isafishwe. Asali sawa, ila asiyetimiza mwaka asionjeshwe hata kidogo. Akianza kupumua haraka, au kunywa kukimshinda, au akilegea, mrudishe siku hiyohiyo, usingoje kesho. Akimaliza tunatazamana. Halafu anatokea mama mmoja wa kusema kwa niaba yetu sote: "Yaani Nesi, natoka kote huko, narudi na chai?"

Ndiyo maana watoto walifundishwa kukohoa. Ukipita kwenye benchi lile asubuhi ungesikia mafunzo: "Mlango ukifunguka, kohoa. Si hivyo, toa chini." Mwanangu wa kwanza, Tumaini, alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote. Alikohoa kikohozi kizito kilichoanzia magotini. Akina mama walimsogeza aketi karibu na watoto wao waige. Mimi, lazima niseme, nilijivuna. Siku moja Nesi alijifunga kitenge juu ya gauni la kazi, akaketi nasi benchini uso umeinama, akasikiliza somo zima mpaka mwisho. Alipofunua kitenge akina mama wakawaziba watoto wao midomo. Akamwita Tumaini, akamfungua kabichi, akamtazama kifua kikipanda na kushuka, akaniangalia na mimi.

"Huyu ni honi," akasema. "Gari lenye honi lina betri. Nileteeni lililozimika." Tangu siku hiyo mwanangu hakuitwa Tumaini pale zahanati, aliitwa Honi, na mpaka leo ana miaka kumi na kitu bado anaitika.

Dawa za maji tulizonyimwa tulikwenda kuzitafuta wenyewe. Nakonde ni pua na mdomo, na kule kulikuwa na chupa za kila rangi. Kulikuwa na moja nyeusi iliyopendwa sana kwa sababu mtoto akiinywa analala mpaka unamsahau. Nesi aliiita juisi ya usingizi. Akiikuta kwenye kikapu cha mama, anaiomba kwa upole, anaifungua, anaimwagia mshubiri uliokuwa kwenye kopo pale mlangoni. Mshubiri ule ulikunywa dawa za nchi mbili kwa miaka mingi. Nesi alituambia hajawahi kuusikia ukikohoa, kwa hiyo wanaosema dawa haifanyi kazi ni waongo.

Mama mkwe wangu ni mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, na hajawahi kushindwa na mtu. Yeye anaamini baridi humwingia mtoto kisogoni. Alipokuja kukaa nasi aliwapaka wajukuu mafuta ya kondoo kifuani na mgongoni, akawavisha shanga za vitunguu saumu shingoni, akawafunga masweta juu yake. Nilimpeleka Tumaini hivyohivyo. Nesi alibandua mpaka sweta la tatu, akasita, akanusa.

"Huyu mnamtibu au mnamuunga?" akauliza.

Nilifanya kosa la kulifikisha neno hilo nyumbani. Mama mkwe alivaa viatu vya kanisani, akavuka barabara kati ya malori, akaingia zahanati bila kushika foleni. Nikasikia anamuuliza Nesi amelea watoto wangapi. Nesi akamuuliza yeye amezika wangapi. Halafu mlango ukafungwa, na mimi kule nje nilitafuta pa kuweka mikono yangu. Walipotoka walikuwa wameshikana viwiko. Sikuambiwa walisema nini. Ninachojua ni kwamba jioni ile Nesi alikuja kwetu, akaingia jikoni, akakohoa, akasema jiko hili linavuta sigara na watoto ndio wanaolipa kwa vifua vyao. Watoto wakahamishiwa chumba kingine wakati wa kupika, na vitunguu saumu vikarudi kwenye mboga. Mama mkwe akawa anampelekea kahawa ya kwao kila anapokwenda na kurudi. Na Nesi huyohuyo mpinga moshi, msimu wa mahindi mabichi alikuwa akichoma hindi lake kwenye mkaa nyuma ya zahanati, machozi yakimtoka, akikohoa kuliko wagonjwa wake.

Kitu kimoja tu hakikumchekesha hata alipotuchekesha sisi. Alikuja sokoni mtu mmoja mwenye begi jeusi, akisema anakata kimeo, kile kinyama kidogo kinachoning'inia kooni, ati mtoto akikatwa hakohoi tena maisha yake. Watu wakajipanga, maana hapa kwetu tukiona foleni hatuulizi ni ya nini. Nesi alifika na kofia yake ya kishungi. Tulitegemea matusi. Akaamkiana na yule fundi vizuri, akasema, "Mwanangu, hebu fungua mdomo."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Sema aaa."

Yule bwana, kwa mazoea ya kumtii mtu mwenye gauni la kazi, akafungua. Nesi akamulika kwa tochi ya simu, akawaita akina mama waliokuwa mbele waje waone. Wakaja, wakachungulia mmoja mmoja. "Kinaning'inia?" akauliza Nesi. Wakasema kinaning'inia, tena kizuri tu. "Basi tumngoje kwanza ajikate yeye, tuone kama atapona." Watu walicheka mpaka wauza nyanya wakaacha meza zao. Fundi alifunga begi na hatukumwona tena. Nesi hakucheka. Alirudi kwa miguu peke yake, na nilimwona akikosea mara mbili tatu kuingiza ufunguo kwenye kufuli.

Kuhesabu ndiko kulikokuwa sala yake. Mtoto akishafunguliwa na kutulia, Nesi aliinua saa yake kifuani, akakazia macho tumbo la mtoto, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Dakika hiyo mtu haruhusiwi kupiga chafya. Alituambia mapafu yakishambuliwa mtoto hupumua mbiombio, na mbio hizo huzijui kwa kusikiliza kikohozi, unazijua kwa kutazama na kuhesabu. Tatizo lilikuwa barabara. Lori likipiga honi, mtoto anashtuka, analia, hesabu inaharibika. Hapo Nesi anatoka. Anavuka barabara kwa kishindo kile, anasimama mbele ya trela lenye magurudumu yasiyohesabika, ananyosha kidole juu kwa dereva.

"Zima. Ninahesabu mtoto."

"Mama, huyu wa mbele ndiye—"

"Sijakuuliza wa mbele. Ninahesabu mtoto."

Madereva wa Kizambia walikuwa wapole zaidi. "Sorry, mukwai," wanasema, kwa heshima ya Kibemba, na wanashusha mikono mapajani kama wako darasani. Habari ilisambaa. Dereva mgeni akitaka kupiga honi pale, wenzake wanamzuia: hapa pana mama anahesabu. Kuna mmoja aliyefokewa akiwa anakwenda Lubumbashi na mzigo wa saruji. Wiki kadhaa baadaye akarudi, akaegesha, akaja mpaka mlangoni, kofia mkononi. Akauliza, "Yule mtoto wa siku ile, alifika ngapi?" Nesi hakuhitaji daftari. Akamwambia alifika arobaini kasoro kidogo, alikuwa mzima. Akampa pipi kifua mbili, na kwa Nesi hiyo ilikuwa mali.

Nimekawia kumtaja binti yangu Neema kwa sababu mpaka leo nikifika mahali hapa hugeuza habari. Alikuwa hajatimiza mwaka. Ulikuwa mwezi wa sita, mafua yameingia nyumbani, wote wawili wakakohoa, Tumaini kwa honi zake na Neema kwa vikohozi vidogo vya kitoto. Siku ya tatu Neema akanyamaza. Akawa analala tu. Mama mkwe akasema huyu ameshapona, baridi imetoka, tumwache alale. Mke wangu alikuwa ng'ambo. Tumaini alikuwa anatikisa mabati. Nikaamua kumpeleka Tumaini kwa Nesi, na kwa kuwa mama mkwe alikuwa anakwenda kwenye jumuiya, nikamfunga Neema mgongoni, masweta manne na blanketi, nisimwache peke yake. Ndivyo nilivyompeleka zahanati, kama mzigo wa njiani.

Nesi alimwangalia Tumaini kwa jicho moja. "Honi, nenda ukacheze." Mimi nikaanza kunung'unika habari ya dawa. Hakuwa ananisikiliza.

"Na mgongoni umebeba nini?"

"Huyu mzima, Nesi. Amelala."

"Fungua kabichi."

"Nesi, amelala vizuri, baridi hii—"

"Baba Tumaini, fungua."

Nikabandua. Sweta la kwanza, la pili. Neema hakulia wala hakufumbua macho. Nilipotoa fulana nikaona chini ya mbavu zake panabonyea ndani kila alipovuta pumzi, panabonyea kwa nguvu, kama mtu anamfyonza kutoka ndani. Nikangoja Nesi aseme neno la kuchekesha. Hakusema. Hapo ndipo nilipoogopa, na sijawahi kuogopa vile tena. Akainua saa. Lori likapiga honi huko nje na yeye hakutoka, aliongeza tu sauti ya kuhesabu. Ilifika sitini na nne. Akasema kwa mtoto wa umri huu hamsini tu ni hatari. Akampa dozi ya kwanza palepale, akamwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, akamkumbatia Neema kifuani ndani ya lile koti lake zito nililokuwa nalicheka, akatoka nje akaita bodaboda.

Barabara ilikuwa imefungana. Malori yamepangana pande zote mbili, hata bodaboda hazikupata upenyo. Nesi kwenye bodaboda ya mbele na mwanangu, mimi na Tumaini kwenye ya nyuma. Nikamwona anasimama kwenye vikanyagio, kofia ya kishungi imekwenda upande, anawapungia madereva.

"Pigeni honi!" akapiga kelele. "Leo pigeni! Sogeeni!"

Hawakuamini. Dereva wa kwanza alijielekezea kidole kifuani, ya kwamba, mimi? "Wewe! Piga!" Basi akapiga. Na wa mbele yake akapiga, na wa mbele yake, na madereva waliokuwa wamezinyima honi zao tangu wamjue mama yule wakazitoa zote siku hiyo, mpaka karibu na geti la mpaka. Magari yakabana pembeni kidogo kidogo, nasi tukapita katikati. Tumaini naye nyuma yangu alikuwa anakohoa kwa nguvu zake zote. Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Nesi amesema tupige."

Neema aliwekewa hewa ya oksijeni na akachomwa sindano, zile sindano tulizokuwa tukizililia kama sifa. Siku nilipomsikia anakohoa tena kwa nguvu, anamkasirikia nesi wa wodini, nililia mbele za watu na sikujali. Leo yuko darasa la tatu na hanyamazi.

Nesi alistaafu, akahamia Mbozi, kulekule kwa mama mkwe wangu, kulima kahawa yake. Pale zahanati akaja daktari kijana, mpole, ambaye alipitia mikononi mwa Nesi akiwa anajifunza. Tulimzoea. Malori yakaanza tena kupiga honi ovyo.

Mwaka jana, mwezi wa sita huohuo, nilikuwa kwenye kontena langu nasubiri kama kawaida. Bajaji ikasimama ng'ambo. Akashuka Nesi. Kofia ni ileile, kishungi kimepungua. Mikononi amebeba furushi la masweta kubwa kiasi kwamba ilibidi ashuke kinyumenyume. Nilitoka mbio kwenda kumwamkia, na kabla hajaniona nikamsikia, kwa masikio yangu haya, akiliambia lile furushi: "Daktari akija, kohoa, mama. Toa chini."

"Shikamoo, Nesi."

Akashtuka. "Marahaba. Huyu mjukuu wangu. Mama yake yuko Saza, kwenye dhahabu, anapikia wachimbaji, ameniachia. Ana mafua kidogo tu." Akapita mbele ya foleni nzima. Na sisi wote tukampisha.

Daktari kijana alipomwona aliinuka kitini. "Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, kaa. Mwandikie dawa."

"Sawa, mama. Ngoja nimwangalie kidogo." Akagusa kifungo cha sweta la juu. Nesi akamchapa mkono.

"Baridi," akasema.

Kijana akaurudisha mkono mapajani. Akanitazama mimi niliyesimama mlangoni, naye Nesi akanitazama, na ndani ya lile furushi sikusikia kitu, si kikohozi wala kilio. Nikamkumbuka Neema mgongoni.

"Nesi," nikasema. "Fungua kabichi."

Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alimweka mtoto mezani, akaanza na kofia, halafu sweta la kwanza. Kwenye sweta la pili mikono ile iliyofungua watoto wa mji mzima ikashindwa na kifungo kimoja. Nikamsaidia. Tukaenda sweta kwa sweta, mimi na yeye, mpaka kitoto cha kike cha miaka miwili kikatokea, macho yamefumba kwa usingizi. Daktari akatoa saa yake. Akasema tutulie.

Nesi akainua kichwa. "Mnaisikia honi hiyo?"

Hatukusikia honi yoyote.

"Nakuja," akasema, akatoka.

Kupitia dirisha, ambalo siku hizi linafunguka, nikamwona anavuka barabara, taratibu kuliko zamani, anasimama mbele ya trela, ananyosha kidole.

"Zima. Tunahesabu mtoto."

"Mama, sijapiga," akasema dereva, kijana wa watu.

"Ulikuwa unataka kupiga."

"Hata injini nimezima, mama."

"Basi usiwashe."

Akabaki amesimama pale, mgongo kwetu, mkono mmoja umeshika bampa la lori. Nikageuka kutazama tumbo la mtoto. Lilipanda, likashuka, polepole, na chini ya mbavu hapakubonyea. Dakika ile ilikuwa ndefu na nikaelewa kwa nini hakutaka kupigiwa chafya. Daktari akasema thelathini na mbili. Kwa wa miaka miwili haina neno, akasema, ni mafua. Mtoto akafumbua macho, akaitaka ile saa.

Nilimfuata Nesi barabarani. Hakugeuka.

"Thelathini na mbili," nikamwambia.

"Amehesabu dakika nzima?"

"Nzima."

"Mtoto alikuwa ametulia?"

"Ametulia. Kifua hakibonyei. Sasa anampokonya daktari saa."

Akaachia bampa. Akatafuta pipi kifua mfukoni, akashindwa kuifungua, nikamfungulia. "Nyumbani nimemhesabu tangu alfajiri," akasema. "Kila nikifika ishirini napotea. Mimi." Akanyonya kidogo. Halafu akanigeukia na hasira zake za siku zote, nikafurahi kuziona. "Baba Tumaini, miaka yote ile nawaambia msiogope, fungueni. Mbona hamkuniambia ni kazi ngumu hivi?"

"Ulituambia tunyamaze, Nesi. Ulikuwa unahesabu."

Akanipiga kofi mkononi, dogo, la kwetu. Tukarudi ndani. Daktari akamweleza chai ya vuguvugu, limao, asali kidogo, na akipumua haraka au akishindwa kunywa arudishwe siku hiyohiyo. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Yaani natoka Mbozi mpaka hapa," akasema, "narudi na chai?"

Benchi zima lilicheka, na wale mama wa zamani waliokuwepo walipigapiga magoti yao. Alimvika mtoto sweta moja, mbele ya macho ya daktari, akaaga. Alipofika kwenye mshubiri mlangoni akaongeza la pili. Kwenye bajaji nikaona la tatu, na kofia, na bajaji ilipoondoka blanketi nalo lilikuwa juu. Nilijifanya nasoma namba ya lori.

Yule dereva aliyefokewa bure akachomoza kichwa dirishani. "Bosi," akaniita kwa sauti ya chini. "Alifika ngapi?"

Nikamwambia thelathini na mbili. Akasema hapo sawa, akawasha injini, akasogea mbele na foleni bila kupiga honi.